Mafundi wa Mabango Walioingia Makumbusho

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu mchana huu ili kuja kusikiliza: nawashukuru kwa kunialika, na nawaomba radhi mapema kwa kuwa nitaanza na habari zangu mwenyewe kabla ya kufika kwenye mada, yaani sanaa ya pop, ile iliyochukua picha za matangazo, katuni na bidhaa za dukani na kuzifanya kazi za sanaa.

Kabla sijafundisha historia ya sanaa nilifanya kazi kwa miaka 3 katika karakana ya kuchapa fulana. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo. Unakuwa na fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Unakipaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Unaweka picha juu yake, unawasha taa, kisha unaosha, na pale ambapo picha ilizuia mwanga dawa inatoka na kuacha matundu wazi. Kinachobaki ni kumwaga wino, kuuvuta kwa raba, kuinua fremu, kuweka fulana nyingine, na kurudia. Nilichapa sura za wagombea, za wanamuziki, za wachezaji mpira, mara mia kadhaa kwa siku moja msimu ulipochangamka. Mteja alileta picha aliyoikata gazetini, nasi tukaichapa, na katika miaka hiyo 3 sikuwahi hata siku moja kuuliza picha ile ilipigwa na nani.

Miaka mingi baadaye nilisimama jijini London mbele ya kazi ya msanii wa Marekani Andy Warhol ya mwaka 1962 yenye sura 50 za nyota wa sinema Marilyn Monroe, 25 za rangi upande wa kushoto na 25 za wino mweusi upande wa kulia, na mikono yangu ikaitambua kazi ile kabla ya akili yangu. Niliona mahali wino ulipomwagwa mwingi mno ukafunika uso. Niliona mahali ulipoanza kukauka ndani ya matundu, sura zikafifia hadi zile za mwisho zikawa kama vivuli. Katika karakana yetu fulana za namna hiyo zilitupwa kapuni au zikageuzwa matambara ya kufutia meza. Pale zilikuwa zimehifadhiwa katika jumba kubwa, na watu walikuwa wakizitazama kimya, kwa heshima, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amefariki mwezi Agosti wa mwaka huohuo kazi ilipotengenezwa, na makosa ya mchapaji yalikuwa yamegeuka kuwa namna ya kuonyesha mtu anavyotoweka huku picha yake ikiendelea kuzidishwa.

Tangu siku ile nimeamini jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa haraka na kulipita. Sanaa ya pop mara nyingi huelezwa kama mzaha wa wasomi waliochukua kopo la supu na kulitundika ukutani ili kuwakebehi matajiri. Mimi nasema ilikuwa kazi ya mafundi. Wengi wa walioianzisha waliwahi kula mshahara wa kuchora viatu, kupaka mabango, kupamba madirisha ya maduka na kuchora ramani za mashine, na walipoingia katika nyumba za sanaa waliingia na zana zao za kazini. Naamini pia kwamba jambo moja hawakulimaliza, nalo ni haki ya yule fundi mwingine aliyeichora picha kwanza, na kwamba jambo hilo ndilo linalotufikia sisi leo kwa nguvu kuliko rangi zao zote.

Tuanzie Uingereza, kwa maana huko ndiko neno lenyewe lilikotokea. Eduardo Paolozzi alizaliwa mwaka 1924 huko Leith, bandari ya jiji la Edinburgh, kwa wazazi Waitaliano waliokuwa na duka la aiskrimu na peremende. Mtoto aliyekulia dukani hukua katikati ya lebo, kadi za sigara na karatasi za peremende, naye alizikusanya na kuzibandika kwenye madaftari. Mwaka 1940 Italia ilipoingia vitani, serikali iliwakamata wanaume wa Kiitaliano waliokuwa nchini, na Paolozzi, akiwa kijana wa miaka 16, alifungwa pamoja nao. Baba yake, babu yake na mjomba wake walipakiwa katika meli ya Arandora Star iliyokuwa ikipeleka wafungwa Kanada, na meli hiyo ikazamishwa mwezi Julai mwaka huo. Wote 3 wakafa. Naleta habari hii kwa sababu mtu akiziona kazi zake za kubandika, zenye wasichana wanaocheka na chupa za soda, anaweza kudhani zilitengenezwa na kijana asiyejua huzuni.

Baada ya vita alikwenda Paris, na huko wanajeshi wa zamani wa Marekani walimpa majarida yao. Alikata, akabandika. Katika kipande kimoja cha mwaka 1947 kuna jalada la jarida la visa vya mapenzi, kuna chupa ya Coca-Cola, kuna bastola iliyoelekezwa kwa mwanamke, na kutoka mdomo wa bastola linatoka wingu jeupe lenye neno moja, Pop. Mwaka 1952, katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa ya London, alikutana na wenzake waliojiita Kundi Huru, akaweka majarida yake chini ya mashine ya kuakisi picha ukutani, ukurasa baada ya ukurasa, bila maelezo mengi. Katika chumba kile walikuwepo waliochukizwa na waliocheka, na walikuwepo wachache walioelewa kwamba wanaonyeshwa kitu ambacho shule za sanaa zilikuwa zimewakataza kukitazama.

Kumbukeni kwamba Uingereza ya wakati huo ilikuwa bado inakula kwa mgao. Mgao wa nyama haukumalizika hadi mwaka 1954, miaka 9 baada ya vita. Kwa hiyo tangazo la Marekani lenye kipande kikubwa cha nyama, keki ya ghorofa na friji iliyojaa halikuwa takataka ya biashara machoni pa mtu wa London. Lilikuwa dirisha la nyumba ya jirani tajiri, na yeye yuko nje kwenye mvua. Ukilijua hilo, unaielewa vizuri zaidi kazi ndogo ya Richard Hamilton ya mwaka 1956, isiyozidi sentimita 26 kwa upande, inayouliza kwa jina lake ni kitu gani hasa kinachozifanya nyumba za leo ziwe tofauti hivi na zivutie hivi. Ndani yake kuna mwanamume mwenye misuli aliyeshika pipi kubwa ya kijiti, mwanamke aliyeketi uchi kwenye kochi, televisheni, mashine ya kufyonza vumbi na nyama ya kopo juu ya meza. Kazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya orodha na bango la maonyesho yaliyofanyika Whitechapel, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London, na Hamilton mwenyewe wakati wa vita alikuwa mchoraji wa michoro ya kiwandani. Mwezi Januari 1957 aliandika barua akiorodhesha sifa za pop: iwe ya watu wengi, ya kupita, ya kutumika na kutupwa, ya bei nafuu, ya kuzalishwa kwa wingi, ya vijana, na iwe biashara kubwa. Msomaji makini ataona kwamba hakuwa akieleza michoro ya makumbusho. Alikuwa akieleza matangazo, sinema na magari. Neno pop wakati huo lilimaanisha utamaduni wenyewe wa viwanda, na baadaye tu likahamia kwa wasanii walioutazama.

Sasa tuvuke bahari. New York ya miaka ya 1950 ilitawaliwa na uchoraji dhahania wa watu kama Jackson Pollock, Mark Rothko na Willem de Kooning, ambao waliamini kwamba turubai ni mahali pa nafsi ya mchoraji, na kwamba kila mpako wa brashi ni kama sahihi ya moyo wake. Ulikuwa uchoraji mkubwa kwelikweli, na sitausema vibaya. Lakini ulikuwa umefunga mlango: kikombe, kiatu, bendera, uso wa mtu unayemwona kila siku, vyote vilikuwa nje. Jasper Johns aliufungua kidogo kwa kuchora bendera ya nchi yake kati ya mwaka 1954 na 1955, na Robert Rauschenberg akaupanua kwa kubandika magazeti na vitambaa kwenye turubai. Waliopita mlangoni baada yao ndio mafundi ninaotaka kuwaeleza.

James Rosenquist alikuwa mpaka mabango. Alipanda majukwaa juu ya Times Square na kupaka sura za waigizaji na chupa za pombe, kubwa kuliko nyumba. Kazi hiyo ina jambo la ajabu ambalo mafundi wa mabango waliomo humu ukumbini wanalifahamu: ukiwa umesimama pale juu, pua yako iko karibu na ukuta, huoni unachochora. Unapaka futi kadhaa za rangi ya waridi na hujui kama ni shavu au ni paja. Ramani yako ndogo mkononi ndiyo inayokuambia. Aliacha kazi hiyo mwaka 1960, baada ya mwenzake kuanguka kutoka jukwaani na kufa, lakini hakuiacha ile namna ya kuona. Kati ya mwaka 1964 na 1965 alitengeneza mchoro wa mita 26 uitwao F-111, jina la ndege ya kivita iliyokuwa ikitengenezwa wakati Marekani ikizama katika vita vya Vietnam. Mchoro ulizunguka kuta zote 4 za chumba. Ndege inapita kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati ya mwili wake kuna tairi la gari, balbu, msichana mdogo chini ya mashine ya kukaushia nywele, wingu la bomu la atomiki lililofunikwa na mwavuli, na tambi nyekundu zilizojaa ukuta. Huwezi kuuona wote kwa pamoja. Unasimama mahali ambapo yeye alisimama jukwaani, karibu mno, na hujui kama unachokitazama ni chakula au ni silaha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za sanaa ya pop, na ninashangaa kwamba haitajwi mara nyingi kama kopo la supu.

Kopo lenyewe, hata hivyo, linastahili heshima yake. Andy Warhol alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, mtoto wa wahamiaji waliotoka katika kijiji kilicho leo nchini Slovakia. Baba yake alikuwa kibarua, akafa mwaka 1942. Mama yake, Julia, alikuwa akitengeneza maua ya mapambo kwa kukata makopo matupu ya vyakula na kuyauza ili kuongeza kipato. Jumapili familia ilikwenda kanisani, na mbele ya macho ya mtoto yule kulikuwa na ukuta mzima wa picha za watakatifu, sura baada ya sura, zimepangwa safu kwa safu. Sihitaji kuwaambia uhusiano ulipo; mwaka 1962 aliichapa sura ya Marilyn Monroe peke yake katikati ya turubai kubwa ya rangi ya dhahabu. Alipohamia New York mwaka 1949 alipata riziki kwa kuchora viatu vya wanawake katika matangazo, akawa miongoni mwa wachoraji wa matangazo waliolipwa vizuri zaidi mjini, na maandishi yenye madoido yaliyopamba michoro yake mara nyingi yaliandikwa kwa mkono wa mama yake, aliyekuja kuishi naye.

Mwezi Julai 1962 huko Los Angeles, Ferus Gallery ilionyesha turubai zake 32 za makopo ya supu ya Campbell's, moja kwa kila ladha iliyokuwa ikiuzwa. Mwenye nyumba ya sanaa, Irving Blum, alizipanga juu ya rafu nyembamba iliyozunguka ukuta, kama dukani. Bei ilikuwa dola 100 kila moja. Jirani yake mwenye biashara ya sanaa alipanga makopo halisi dirishani na kutangaza kwamba kwake supu ni rahisi zaidi. Chache zilipata wanunuzi. Kisha Blum akabadili mawazo, akaamua zisitengane, akawaomba walioahidi kununua wamwachie, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa zote, kidogokidogo kila mwezi. Mwaka 1996 seti hiyo ilihamia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York kwa thamani ya takriban dola milioni 15. Watu hutaja tarakimu hizo kwa mshangao na kuishia hapo. Mimi naomba mtazame rafu. Makopo yale bado yalichorwa kwa mkono, kwa brashi na stensili. Ni baada ya hapo, katika mwaka huohuo, ndipo alipohamia kwenye skrini, yaani ile fremu ya kitambaa ya kuchapia, na kazi yake ikawa ile niliyoitambua mimi kwa mikono.

Skrini ilimpa uwezo wa kuchukua picha ya gazeti kama ilivyo. Hakuitumia kwa nyota wa sinema peke yao. Alichapa ajali za magari, alichapa kiti cha umeme cha kunyongea wafungwa, tena na tena, katika chumba kisicho na mtu. Mwaka 1963 mpigapicha Charles Moore alipiga picha za polisi wa Birmingham, Alabama, wakiwaachia mbwa waandamanaji Weusi, zikatoka katika jarida la Life. Warhol alizichukua na kuzichapa. Anayesema sanaa ya pop ilishangilia tu maduka hajazitazama turubai hizo.

Lakini mmeliona neno nililotumia: alizichukua.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo. Roy Lichtenstein, ambaye naye aliwahi kuishi kwa kuchora michoro ya kihandisi na kupamba madirisha ya maduka huko Cleveland, alianza mwaka 1961 kukuza vipande vya hadithi za katuni hadi vikajaa ukuta, akiiga kwa rangi zile nukta ndogo ambazo mashine za uchapaji hutumia kutengeneza kivuli. Ndege yake inayolipuka, Whaam!, ya mwaka 1963, ambayo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Tate la London mwaka 1966, ilitokana na katuni za vita zilizochapishwa mwaka 1962, na ndege muhimu katika chanzo hicho ilichorwa na Irv Novick. Msichana wake anayezama, wa mwaka huohuo wa 1963, alitoka katika katuni ya mapenzi ya Tony Abruzzo. Wachoraji hao walilipwa kwa ukurasa, kazi zao nyingi zilitoka bila majina yao, na michoro ilipokuzwa na kuuzwa hawakupata chochote. Ni kweli kwamba Lichtenstein hakunakili tu. Alipunguza, alisogeza, aliondoa maneno, alifanya mstari uwe mzito zaidi. Weka chanzo na turubai pamoja na utaona akili inavyofanya kazi. Nayakubali hayo yote. Hata hivyo msichana yule hakuzaliwa katika nyumba ya sanaa. Kuna mtu aliinama juu ya meza, akiwa na muda mfupi wa kukabidhi kazi, akaamua nywele zipinde hivi na wimbi lije hivi, na mtu huyo alikuwa na jina.

Wakubwa wa wakati huo hawakujali suala hilo hata kidogo. Walikuwa na hasira nyingine. Mwezi Oktoba 1962 Sidney Janis, aliyekuwa akiuza kazi za wachoraji dhahania, alifungua maonyesho ya sanaa hii mpya, na baadhi ya wachoraji wake wakuu, Rothko akiwa mmojawapo, wakaondoka kwake kwa kupinga. Mwaka 1964 jarida la Life liliuliza katika kichwa cha habari kama Lichtenstein ndiye msanii mbaya kuliko wote Marekani. Claes Oldenburg, msanii mwingine wa pop, alikuwa ameshakodi duka halisi katika mtaa wa watu wa kipato cha chini mwaka 1961 na kuuza humo keki na mashati ya plasta iliyopakwa rangi. Sanamu zake laini za vitambaa, zile za mkate wa nyama na aiskrimu, zilishonwa kwa cherehani na mkewe wa wakati huo, Patty Mucha. Nalitaja jina hilo kwa makusudi.

Na kwa kuwa nimewataja wanawake, kuna wawili ambao siwezi kuondoka jukwaani bila kuwasema. Pauline Boty wa London alichora nyota wa sinema kama mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake na kumhurumia, si kama mnunuzi anayetazama bidhaa. Alifariki mwaka 1966 akiwa na miaka 28, na michoro yake mingi ikakaa katika banda la shamba la kaka yake hadi miaka ya 1990 ilipotolewa na kuonyeshwa. Wa pili ni Corita Kent, mtawa wa Kikatoliki aliyefundisha sanaa huko Los Angeles, ambaye alikwenda kuyaona makopo ya Warhol mwaka 1962 na kurudi chuoni kwake na macho mapya. Alichukua nukta za rangi za karatasi ya mkate wa dukani akazifanya ziwe ekaristi, na mwaka 1964 alichukua maneno ya tangazo la nyanya akamsifu nayo Bikira Maria. Askofu mkuu alikasirika. Wanafunzi wake, kinyume chake, walijifunza kwamba maneno ya barabarani yanaweza kusafishwa na kutumika kwa sala na kwa amani. Aliuacha utawa mwaka 1968, na stempu ya posta yenye upinde wa rangi aliyoichora mwaka 1985 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 700. Sijui kazi nyingine ya sanaa ya pop iliyowafikia watu wengi hivyo kwa bei ya kutuma barua.

Urithi wa sanaa hii ni mpana, nami nitaupita kwa haraka mahali ambapo mnaufahamu. Keith Haring alichora kwa chaki kwenye karatasi nyeusi zilizofunika nafasi tupu za matangazo katika stesheni za treni za chini ya ardhi za New York, na mwaka 1986 akafungua duka la fulana na vibandiko ili kijana asiye na uwezo wa kununua turubai apate mchoro wake. Nchini China Wang Guangyi aliwachora wafanyakazi wa mabango ya mapinduzi wakiwa bega kwa bega na majina ya bidhaa za kigeni, na mtu yeyote aliyekulia chini ya mabango hayo alielewa mara moja.

Huku kwetu naomba tuwe waangalifu. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, ambaye miaka ya 1970 alichora historia ya Kongo katika michoro zaidi ya 100 na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga, hakuwa mfuasi wa Warhol. Wala Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kama mchora vibao vya biashara, akafungua karakana yake mwenyewe mwaka 1975 na kuandika maneno ndani ya michoro yake. Hao walitoka katika ufundi wa mtaani kama Rosenquist alivyotoka, kwa njia yao wenyewe na kwa wateja wao wenyewe. Kuwaita tawi la sanaa ya pop ni kuwanyang'anya jina, na leo tunazungumza juu ya kutonyang'anya majina. Mama zetu nao walivaa picha iliyorudiwa yenye maneno chini yake, doti kwa doti, tangu zamani za biashara ya kanga, bila kumngoja mtu wa New York awafundishe kwamba kitu kinachochapwa kwa wingi kinaweza kubeba siri ya mtu mmoja.

Turudi kwenye lile deni kwa aliyeitengeneza picha kwanza. Mwaka 1964 Warhol alichapa maua ya haibiskasi kutoka katika picha ya Patricia Caulfield iliyotoka katika jarida la upigaji picha. Caulfield alimshtaki, wakapatana nje ya mahakama, na baada ya hapo Warhol akazidi kutumia picha alizozipiga mwenyewe. Lakini si mara zote. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa mpigapicha Lynn Goldsmith dola 400 ili picha aliyompiga mwanamuziki Prince mwaka 1981 itumike kama kielelezo mara moja tu. Warhol alitengeneza kazi 16 kutokana na picha hiyo. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni yenye jarida hilo iliilipa taasisi inayosimamia kazi za Warhol dola 10,000 kwa kutumia nyingine kati ya hizo 16, na Goldsmith hakupata hata senti wala kutajwa jina. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 18 Mei 2023 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba katika matumizi hayo, ya kukodisha sura ile kwa jarida, haki ilikuwa upande wa mpigapicha. Mahakama haikusema kwamba turubai zichomwe, wala haikuamua juu ya kazi zilizotundikwa makumbusho. Ilisema jambo dogo zaidi: picha mbili zikiuzwa katika soko moja kwa kazi ileile, wa kwanza ana haki ya kuulizwa.

Leo kuna mashine zinazotengeneza picha baada ya kulishwa mamilioni ya picha za watu wengine, na mawakili pande zote mbili wananukuu hukumu hiyo. Ndiyo maana nimewaambia kwamba habari hii ni ya kwetu. Kijana aliye hapa, ambaye mchoro wake aliouweka mtandaoni Jumatatu ameukuta Ijumaa kwenye fulana sokoni, yuko mahali palepale alipokuwa Tony Abruzzo.

Namalizia na mtu mmoja. Mwezi Aprili 1964, katika Stable Gallery ya New York, Warhol alionyesha masanduku ya mbao yaliyochapwa yafanane kabisa na katoni za Brillo, zile nyuzi za chuma zenye sabuni za kusugulia masufuria. Yalipangwa kama stoo ya duka. Mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona, akatoka akijiuliza ni nini kinacholitofautisha sanduku hili na lile la dukani ikiwa macho hayaoni tofauti, na kutokana na swali hilo ilijengwa falsafa nzima ya sanaa. Katoni ya dukani ilikuwa imebuniwa mwaka 1961 na James Harvey: ule utepe mwekundu na mweupe unaopinda kama wimbi, zile herufi za buluu na nyekundu. Harvey alikuwa mchoraji. Mchana alibuni vifungashio ili apate kodi ya nyumba, na muda uliobaki alichora turubai za dhahania, za ule mtindo uleule ambao masanduku yale yalikuja kuuondoa ukumbini. Alifariki mwaka 1965, akiwa bado kijana. Masanduku ya mbao yako makumbusho. Katoni zake za karatasi ngumu zilifika madukani zikiwa zimejaa, zikafunguliwa kwa kisu, zikakunjwa na kutupwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.